UZI: Kigamboni si kiwanja kimoja. Jua kwanza unavukaje, kisha jua unajenga juu ya nini

Bamvua (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Swali la "kiwanja Kigamboni bei gani?" limeulizwa sana na majibu hayakutani, si kwa sababu watu wanadanganya, bali kila mtu anajibu kuhusu Kigamboni yake. Hii ni wilaya nzima ya Dar es Salaam yenye kata tisa: Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema, Kibada, Somangila, Kisarawe II, Kimbiji na Pembamnazi. Mtu wa Tungi anasikia honi ya pantoni (kivuko) akiwa kitandani. Mtu wa Pembamnazi yuko jirani na wilaya ya Mkuranga. Ukiwauliza wote wawili bei, utapata majibu mawili ya kweli yasiyokusaidia.

Kabla ya bei, angalieni ramani. Kaskazini na mashariki ni Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi kuna mkono wa bahari wa Kurasini, unaoitenga na sehemu kubwa ya Temeke. Kusini ni Mkuranga. Wengi huizungumzia kama kisiwa, lakini sicho. Njia za kuingia ni tatu, na hizo tatu ndizo zinazoamua kodi ya nyumba, saa ya kuamka na hata bei ya nyanya.

Ya kwanza ni pantoni, kati ya Magogoni na Kigamboni, ng'ambo kwa ng'ambo ya mlango wa bandari. Nauli ya mtu mzima wa miguu ni shilingi 200, unagusa kadi yako ya malipo ya N-Card unapita. Faida yake kubwa ni kwa asiye na gari: ukishuka Magogoni, kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Kivukoni kiko hatua chache, na kutoka hapo unakwenda mpaka Kimara bila kugusa daladala. Kwa hiyo mwenye kazi Posta, Kariakoo au Magomeni na anayetembea kwa miguu atafute Tungi au kata ya Kigamboni yenyewe.

Ya pili ni Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016. Lina urefu wa mita 680, njia sita za magari, na njia za waenda kwa miguu pembeni. Linatoka Kurasini linatua upande wa Vijibweni. Vyombo vya moto vinalipia. Tozo zilipunguzwa mwaka 2022 na vikawekwa vifurushi kwa wanaopita mara kwa mara, kwa hiyo mwenye gari asipige hesabu ya kulipa kila anapopita, aulize kifurushi kwanza. Daraja ni la watu wa Vijibweni, Kibada na wote walio kusini yao wenye usafiri wao.

Ya tatu ni nchi kavu: Mbagala, Kongowe, Kibada, Mjimwema. Ndefu, lakini haina tozo wala foleni ya pantoni. Malori ya mchanga na kokoto mengi hupita huku. Ndiyo maana nashikilia kwamba Kibada ndiyo kata yenye nafasi nzuri kuliko zote: iko kwenye njia panda ya daraja na Kongowe. Njia moja ikifungwa, bado unafika kazini.

Wenye ujuzi wa ardhi, ujenzi na maji karibuni muongeze.

---

Mgeni_Mtarajiwa

Ahsante sana mkuu Bamvua. Swali dogo: nina gari dogo la chini. Pantoni inafaa kwa kila siku?

---

Bamvua

Inafaa, ila uyajue maji. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huku kwetu hupita mita tatu. Maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Yakipwa hivyo, mteremko wa kuingilia pantoni unakuwa mkali na gari la chini linakwaruza bampa la mbele. Ingia pembe kidogo, taratibu, usifuate gari la mbele kwa karibu. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo wiki moja baadaye yote yamegeuka: saa nne asubuhi maji yako karibu na kujaa, na ni maji mafu, hayapandi wala kushuka sana.

---

Mzizima

Bamvua kaeleza njia vizuri. Acha niongeze historia, kwa sababu bila hiyo mtu haelewi kwa nini Kibada imepangika na mtaa wa pili yake nyumba zimegeukiana migongo.

Huku ni Uzaramoni. Kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, ufukwe huu ulikuwa na vijiji vya Waswahili vyenye misikiti na makaburi ya mawe: Mbwamaji na Kimbiji. Mbwamaji ndiko kulikokuja kuwa Gezaulole, jina la Kizaramo lenye maana ya "jaribu uone". Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pakawa kijiji cha ujamaa, wenyeji wakichanganyika na watu waliohamia kutoka mjini. Magofu na makaburi ya kale bado yapo, na mnunuzi wa maeneo hayo aulize wazee kabla ya kuchimba msingi. Ukikuta mawe ya matumbawe yamepangwa na kupigwa chokaa, acha kuchimba, toa taarifa.

Mwaka 1961 TANU ilifungua Chuo cha Kivukoni kando ya bahari, ambacho leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Kikafuata kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, kilichoanza kazi 1966, na mwaka 1968 bomba la TAZAMA la kilomita 1,710 likaanza kupeleka mafuta Ndola, Zambia. Usafishaji ulishakoma, matangi yakabaki na kuongezeka. Hili linamhusu mnunuzi moja kwa moja: mabomba yana mikuza yake, yaani ukanda wa ardhi uliohifadhiwa kwa ajili yake, na kiwanja kilichokatwa ndani ya mkuza hakitakuwa chako hata ukinunua mara mbili. Ukiona nguzo fupi za alama zimepangwa mstari mmoja zikikatiza mashamba, hapo chini kuna bomba.

Kibada, Gezaulole na Mwongozo ziliingia kwenye mradi wa serikali wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Ndiyo maana barabara zake zimenyooka na bikoni (alama za mipaka ya viwanja) zipo. Halafu ukaja mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni. Mwaka 2008 ujenzi mpya ulizuiwa katika eneo la mpango, watu wakabaki miaka wasijenge, wasiuze kwa bei ya haki, wasijue fidia itatoka lini. Wakala uliosimamia mpango baadaye ulivunjwa. Alama ya kipindi kile ni mashamba yaliyouzwa kimyakimya vipande vipande bila kupimwa, na hayo ndiyo yanayozaa kesi nyingi leo.

Kigamboni ilitengwa na Temeke ikawa wilaya inayojitegemea. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 162,932 katika eneo hili, ya 2022 ikahesabu 317,902. Karibu mara mbili kwa miaka kumi, na barabara za mitaani ni zilezile.

---

Mgeni_Mtarajiwa

Mzee Mzizima, shukrani. Hapo kwenye mashamba yaliyokatwa vipande umenigusa. Nimeonyeshwa kiwanja Kisarawe II, muuzaji ana karatasi ya serikali ya mtaa tu. Ni salama?

---

Ramani

Karatasi ya mtaa inathibitisha kwamba mauziano yalishuhudiwa. Haithibitishi kwamba ardhi ni ya muuzaji, wala kwamba mipango miji haijaweka shule hapo. Fanya hivi kabla ya kutoa hata shilingi ya "kushikilia".

Nenda kwenye kiwanja na mpima ardhi aliyesajiliwa, achukue majira ya nukta (vipimo vya mahali kwenye ramani) za pembe zote. Peleka majira hayo idara ya ardhi ya manispaa, uulize mambo matatu: eneo lina ramani ya mipango miji? Limepimwa? Matumizi yake ni yapi? Hapa ndipo wengi hugundua kiwanja chao cha makazi kimechorwa kama eneo la wazi au barabara ya mita 15. Jibu likiwa baya, umepoteza hela ya mpima tu.

Kama kiwanja kina namba, kitalu na hati au barua ya ofa ya umiliki, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi utaonyesha jina la mmiliki, muda wa umiliki (miaka 33, 66 au 99), na kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Jina kwenye upekuzi lifanane na kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi. "Ni la marehemu baba yetu" maana yake unahitaji barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, si muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake.

Muuzaji akiwa na ndoa, mwenza wake atoe ridhaa kwa maandishi mbele ya wakili. Hii inarukwa sana na ndiyo inayobatilisha mauziano mengi.

Uhamisho wa kiwanja chenye hati unakwenda na fomu tatu za ardhi: namba 29 ya taarifa, namba 30 ya kuomba kibali, na namba 35 ya uhamisho wenyewe. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kodi ya ongezeko la mtaji ambayo ni ya muuzaji. Iandikeni kwenye mkataba kwamba ni yake, na bakizeni sehemu ya malipo hadi ailipe. Asipolipa, faili lako halisogei.

Mwisho, vipimo viwili vya kuondoka navyo kichwani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Na barabara zilizo chini ya TANROADS (wakala wa barabara) zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kiwanja cha "ufukweni kabisa" au cha "lami kabisa" kwa bei rahisi mara nyingi kiko ndani ya mojawapo.

---

Bamvua

Naongezea kwa Ramani: kiwanja cha karibu na bahari nenda kukiangalia siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa, saa kumi jioni. Ukipelekwa saa nne asubuhi utaonyeshwa ufukwe mpana ambao jioni haupo. Miezi ya kusi (upepo wa kusini), Mei hadi Septemba, ndiyo inayokula mchanga wa fukwe nyingi za mashariki, kwa hiyo angalia pia mizizi ya minazi: ikiwa nje upande mmoja, bahari inasogea.

---

Nondo_Kumi_na_Mbili

Ukishapata kiwanja, adui wa Kigamboni ni chumvi. Nyumba iliyojengwa kwa kanuni za Kimara, mbali na bahari, ikiletwa Mjimwema hupasuka nguzo mapema mno. Chumvi hufika kwenye nondo, nondo inavimba kwa kutu, zege linafumuka. Ukishaona mstari wa ufa unaofuata nondo kwenye nguzo ya baraza, kazi imeshaharibika ndani.

Chumvi huingia kwa njia tatu. Mchanga: usikubali mchanga wa ufukweni kwa bei yoyote, na kuuchota kwenyewe ni kuimaliza pwani. Nunua wa shimoni, jaza nusu chupa ya maji safi, tia mchanga, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, rudisha lori. Maji: usichanganyie zege kwa maji ya kisima yenye ladha ya chumvi, nunua boza. Hewa: hii huwezi kuizuia, unaikinga kwa unene wa zege.

Nguzo na mihimili ya nje iwe na milimita 40 hadi 50 za zege kati ya nondo na uso. Tengeneza vipande vidogo vya zege vya unene huo, vifunge kwenye nondo kabla ya kumwaga, kwa sababu fundi akitumia vijiwe nondo italala kwenye ubao. Uwiano 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto upimwe kwa ndoo, si kwa beleshi, na maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Zege likiwa jepesi kama uji, fundi anafurahi, wewe unalipa baadaye. Mwagilia siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, ufunike kwa magunia.

Tofali za inchi sita: mfuko mmoja usitoe zaidi ya 30. Anayekuuzia rahisi huwa anatoa 45. Dondosha moja kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu, ikisambaratika usinunue tripu nzima.

Bati chukua geji 28 yenye mchanganyiko wa alumini na zinki, kwa sababu geji 30, iliyo nyembamba zaidi, huanza kutoboka kwenye matundu ya misumari. Madirisha weka alumini. Nondo za dirishani zipake rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya rangi ya mwisho, na upake hata sehemu itakayoingia ukutani, ndiko zinakoanzia kuoza.

Udongo: Kibada na Gezaulole sehemu kubwa ni mchanga, msingi unachimbika kirahisi ila kuta za mtaro huporomoka, na ardhi lazima ishindiliwe kwa maji. Mabondeni kuna mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Hapo usijenge msingi wa mawe tu, weka mkanda wa zege wenye nondo chini na juu. Ukitaka kujua bonde liko wapi, njoo Aprili, siyo Agosti.

Kibali cha ujenzi kinaombwa kwa mfumo wa mtandaoni wa TAUSI kabla ya kuchimba. Ukianza bila kibali, alama ya X ya kubomolewa haichagui.

---

Mgeni_Mtarajiwa

Na kisima? Wengi wananiambia chimba chako uachane na bili.

---

Maji_Baridi

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Karibu na bahari, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya chumvi ardhini kama mafuta juu ya maji. Kisima kifupi kinachota kutoka tabaka hilo jembamba. Ukifunga pampu kubwa na kujaza tangi la lita 5,000 kwa mkupuo mmoja, tabaka linashuka, chumvi inapanda, na kisima kilichokuwa kitamu kinageuka. Na cha jirani kinageuka nacho. Kinachosaidia ni pampu ndogo ya nusu farasi, vipindi vifupi, kukipumzisha usiku. Kikishageuka, kikiachwa mpaka masika mara nyingine hupona, mara nyingine hakiponi.

Kabla ya kuchimba, pima maji ya visima vitatu vya majirani, tena mwishoni mwa kiangazi. Kipimo cha chumvi zilizoyeyuka kikizidi miligramu 1,000 kwa lita utaanza kuisikia mdomoni. Shimo la choo likae angalau mita 30 kutoka kisimani, wewe na jirani mkubaliane, maana choo chake kinaweza kuwa mita 10 kutoka kisima chako na kila mtu yuko ndani ya ukuta wake. Kwenye mchanga uchafu husafiri haraka.

Maji ya uhakika ya huku yako chini sana, kwenye mwamba wa Kimbiji, visima vya mamia ya mita ambavyo mtu binafsi haviwezi. DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, ndiyo inayovuta hayo, na tenki la Kisarawe II la lita milioni 15 lilizinduliwa Novemba 2022. Kabla ya kununua kiwanja uliza bomba limefika mtaa gani, na pima umbali kwa mita kutoka bomba kuu hadi getini kwako, kwa sababu gharama ya kuunganishwa inakwenda na umbali huo.

Na msidharau paa. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 linakupa lita 2,000.

---

Maji_Baridi

Naomba radhi, hesabu ya mwisho niliituma kabla sijaimaliza. Ni hivi: kwenye hizo lita 2,000 toa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 1,600. Dar hupata takribani milimita 1,100 kwa mwaka, hivyo paa hilo linaweza kukupa karibu lita 88,000. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwage nje, inaosha vumbi na chumvi ya batini.

---

Mama_wa_Tungi

Wanangu, mmesema nyumba yote, hamjasema watu. Ukihamia, wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajiandikishe. Barua ya utambulisho utaihitaji benki, polisi, shuleni, kwenye dhamana. Asiyejulikana na mtaa wake huanza kujulikana siku ya tatizo.

Msiba ukitokea jirani, nenda hata kama humjui marehemu. Wanaume huchimba kaburi na kubeba maji, wanawake hupika, daftari la rambirambi linazunguka. Mchango mdogo hauaibishi mtu, kutoonekana ndiko kunakokumbukwa. Kama wewe ni Mnyamwezi, jua Wazaramo ni watani zako. Msibani utaona watu wanakuchezea maneno makali au kukudai vitu, usikasirike, ni haki yao na wewe una haki ya kuwarudishia.

Mwali akitolewa, mkole (ngoma ya unyago) unachezwa na mdundiko unapita mtaani, ngoma inatembea na watu nyuma yake. Wenye gari muwe na subira, barabara haipitiki kwa muda. Mwenye shughuli naye achukue kibali mapema.

Samaki: ng'ambo, upande wa Magogoni, kuna soko kubwa la Feri, ila ukiwa Mjimwema au Kimbiji nunua kwa wavuvi wenyewe ngalawa zikirudi. Bamvua yakipwa, saa nne, kina mama hushuka miambani kutafuta pweza, kwa hiyo pweza mbichi utampata kuanzia saa sita mchana. Siku za maji mafu usitegemee.

Jumapili na sikukuu za Idi jiji zima linakuja fukweni. Mwenye mgeni wa kupeleka mjini avuke kabla ya saa tisa mchana, au asubiri mpaka usiku uingie.

---

Mgeni_Mtarajiwa

Shikamoo mama, na ahsanteni wakuu wote. Kazi yangu iko Kariakoo, gari nalitumia wikiendi tu. Basi Kisarawe II naiacha?

---

Bamvua

Kwa kazi ya Kariakoo bila gari kila siku, ndiyo, panga Tungi kwanza mwaka mmoja. Utavuka kwa 200, utaziona masika na kusi, utawajua watu. Kiwanja cha Kisarawe II mpeleke mpima, na majibu ya manispaa uyalete hapa, Ramani atakusaidia kuyasoma.

---

Ramani

Alete pia nakala ya ramani ya upimaji kama ipo, yenye namba inayosomeka. Picha ya simu iliyokatwa kona haisaidii, namba huwa kwenye kona hiyo hiyo.